Uvimbe kwenye ubongo: daktari anajuaje pa kufungua?

Swali: Hospitali yetu haina mashine ya kumwongoza daktari ndani ya ubongo. Atakata kwa kubahatisha?

Jibu: Hapana. Uvimbe ulio karibu na fuvu mara nyingi hupatikana bila mashine hiyo ya ghali. Daktari huisoma picha ya CT au MRI, yaani ya mashine zinazoonyesha ndani ya kichwa, kisha hupima kichwa chenyewe kwa futi kamba, kutoka kibonde cha juu ya pua hadi kinundu cha kisogoni. Nusu ya safari hiyo, ukirudi nyuma kama sentimita 2, ndipo unapoanzia mfereji unaotenganisha sehemu ya ubongo inayoendesha viungo na ile ya hisia. Akishapajua hapo, anajua uvimbe uko upande gani wake.

Swali: Mbona mama alibandikwa vidonge kichwani kabla ya MRI?

Jibu: Ni alama. Kidonge laini cha vitamini E kina mafuta, na mafuta hung'aa kwenye MRI. Kwenye CT hutumika stika za kupimia moyo. Picha ikionyesha alama na uvimbe pamoja, daktari hupima umbali kati yake na kuchora kwa kalamu pa kufungulia. Tafadhali, msizibandue, na msifute mchoro! Ndugu humsugua mgonjwa kichwa usiku ili aingie msafi, asubuhi tunaanza kupima upya. Aoge, ila pale paachwe. Misuko nayo ifumuliwe mapema.

Swali: Si bora tusubiri tuchangishe, twende India kwenye mashine kubwa?

Jibu: Msisubiri. Wakati mnachanga, uvimbe unakua na kukandamiza ubongo. Wapo waliokuja kwetu wakitembea, wakarudi nyumbani kuchangisha, kisha wakaletwa kwa machela, macho hayaoni tena. Macho yaliyopotea hivyo mara nyingi hayarudi hata uvimbe ukitolewa. Daktari wa hapa akisema anaweza, msisubiri.

Swali: Na uvimbe ukiwa mdogo, umejificha ndani kabisa?

Jibu: Hapo mashine inahitajika kweli, au ultrasound, kipimo cha mawimbi ya sauti, ambayo kwa mtu mzima hutumika fuvu likishafunguliwa, kwa kuwa mfupa huzuia mawimbi yake. Daktari atawaambia na kuwapa rufaa. Rufaa hiyo ifuateni wiki hiyohiyo.

Swali: Kichwa kinamuuma kila asubuhi na anatapika. Tumalize kwanza dawa za mganga?

Jibu: Hapana, hapana kabisa. Kichwa cha asubuhi chenye kutapika, macho kufifia, upande mmoja kulegea, au degedege la kwanza ukubwani: hospitali leo. Akizimia au degedege lisipokoma, ni dharura saa hiyohiyo. Mje na picha zote, hata za mwaka juzi, tena filamu zenyewe. Karatasi ya majibu peke yake haipimiki kwa futi.