Olsen wawili si ndugu: kusoma wadhamini katika ndoa za kale za Norway

Wiki hii nimeletewa tena. Picha ya ukurasa wa kitabu cha kanisa, miaka ya 1830, na swali lilelile: "Shahidi huyu ni Olsen, babu yetu naye ni Olsen. Ni kaka yake, sivyo?"

Sivyo. Olsen wa wakati ule ni "bin Ole", basi. Ukikuta Ali bin Juma na Salum bin Juma kwenye karatasi ya zamani ya Unguja, utawaita ndugu bila kuuliza ni Juma yupi? Na huko akina Ole, Hans na Lars walijaa kila bonde.

Tuseme padri ameandika hivi: bwana harusi Anders Olsen Bakken, bibi harusi Marit Larsdatter Haugen, forlovere (yaani wadhamini wa ndoa) Ole Hansen Bakken na Lars Olsen Haugen. Mteja humrukia Lars Olsen, akampachika ukaka wa Anders, kisha akamtupa Ole Hansen eti "majina hayalingani". Kapindua kila kitu! Anders ni bin Ole, kwa hiyo Ole Hansen wa shamba lilelile la Bakken ndiye anayeelekea kuwa baba yake. Marit ni binti Lars, na Lars yuko palepale Haugen. Baba na mwana hawakuwa na -sen moja, ila pale babu naye alipoitwa Ole.

Nasema "anaelekea" makusudi. Mwenye shamba, jirani, hata mwajiri wa kijana alidhamini ndoa, na huyo Lars anaweza kuwa Lars mwingine kabisa. Kwa hiyo mimi sichori mstari kwenye mti wa ukoo kabla ya kufungua ubatizo wa watoto wa kwanza na kusoma majina ya faddere, wasimamizi wa ubatizo. Kwa waliozaliwa mapema, naongeza sensa ya 1801. Mteja akiniambia hana muda, namrudishia picha yake.

Kosa la pili linatokana na kamusi. Forlover wa leo ni msimamizi wa harusi, yule rafiki mwenye suti. Wa zamani alikuwa mdhamini: alisimama kuthibitisha kwamba ndoa haina kizuizi, mathalani mke mwingine aliyebaki parokia ya jirani. Urafiki haukuwa sharti.

"Lakini Bakken ni ukoo." Ni shamba. Ole akihamia Haugen, ataandikwa Haugen, na mtumishi wa shamba naye huandikwa vivyo hivyo bila kuwa na tone la damu ya wenyeji. Sheria ya kila familia kuwa na jina la ukoo la kudumu ilikuja 1923.

Wenye mababu wa Sweden, msitafute forlovere wawili huko. Tafuteni neno giftoman. Huyo ni walii hasa, mwenye haki ya kumwoza binti, na sheria ya 1734 ilimtambua: kwanza baba, na baba akiwa amefariki, mara nyingi kaka. Hapo ndipo jina la baba linaposaidia kweli. Brita Persdotter akiozwa na Erik Persson wa shamba lake, hata mimi naanza kutabasamu, ingawa ubatizo wa Erik bado nitaufungua.