Nicodemus, Kansas: Ukiokota Kipande cha Chupa Unavunja Sheria

Kila kiangazi wageni wanaozungumza Kiswahili, wakiwemo ndugu zetu wa Kikongo waliohamia Kansas na majimbo jirani, huja kuutembelea mji wa Nicodemus. Wanakaribishwa kwa mikono miwili. Ila malalamiko ya wenyeji yameongezeka: watu wanaingia mashambani bila hodi, wanaokota misumari na vigae vya vyombo, na wengine wanakuja na mashine za kutambua chuma. Naamini wengi hawana nia mbaya, hivyo ni vizuri tuelezane.

Nicodemus ulianzishwa mwaka 1877 katika Kaunti ya Graham, karibu na tawi la kusini la Mto Solomon, na Wamarekani Weusi waliotoka Kentucky kufuata ardhi. Mbuga ile haikuwa na miti ya kutosha kujengea, kwa hiyo walichimba vyumba kwenye kingo na miteremko, wakaezeka kwa udongo ulioshikamana na mizizi ya nyasi. Willianna Hickman alifika mwaka 1878. Alisimulia baadaye kwamba alipouliza mji uko wapi, mumewe alimwonyesha moshi unaotoka ardhini. Akaangua kilio. Wenye farasi walikuwa wachache mno, na wengine walivunja ardhi ile ngumu kwa jembe la mkono. Kuni zao zilikuwa mabua ya alizeti na samadi kavu ya nyati.

Nyumba hizo zilibomoka zamani. Zilizobaki ni alama za mashimo yaliyojaa udongo, na ndani yake vitu vidogo: kifungo, kipande cha bomba la jiko, kioo cha chupa ya dawa. Mtaalamu hutazama kitu kilikuwa kina gani na jirani ya nini, ndipo ajue familia ilipikia upande gani na ilinunua nini dukani. Ukikitia mfukoni, ushahidi huo umekwisha, hata ukikirudisha kesho.

Majengo yaliyosimama ni machache. Mwaka 1888 mji uliikosa reli. Wakazi walikuwa wamekubali kutoa hati za dhamana za dola 16,000 ili njia ipite kwao, lakini kampuni moja ikaghairi na nyingine ikapita kusini ya mto, ambako ulizaliwa mji wa Bogue. Wafanyabiashara wakahamia huko. Tunayoyalinda leo ni matano: makanisa mawili, hoteli ya St. Francis, shule, na ukumbi wa mji wa mwaka 1939. Eneo hilo likatangazwa eneo la kihistoria la taifa, likawa sehemu ya hifadhi za taifa, tarehe 12 Novemba 1996.

Sasa sheria. Katika ardhi ya serikali ya shirikisho, Sheria ya Kulinda Rasilimali za Akiolojia ya mwaka 1979 inahusu vitu vyenye umri wa miaka 100 na kuendelea. Kosa la kwanza: faini hadi dola 10,000, kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Thamani ikizidi dola 500, faini hupanda hadi dola 20,000 na kifungo hadi miaka miwili. Zingatieni kwamba katika hizo dola 500 hujumlishwa pia gharama ya kurekebisha mahali palipoharibiwa, kwa hiyo shimo dogo la koleo linaweza kuvuka kiwango. Kosa la kurudia ni hadi dola 100,000 na miaka mitano. Gari na vifaa vilivyotumika vinaweza kutaifishwa. Mashine ya kutambua chuma hairuhusiwi kuwa mkononi katika maeneo ya hifadhi za taifa, hata kama hujaiwasha. Kibali cha kuchimba hutolewa kwa mwenye sifa za kitaaluma tu, na vitu atakavyopata vinabaki mali ya taifa.

Wapo wanaodai kwamba kilicho juu ya ardhi si cha kuchimbwa, hivyo ni halali. Si kweli, na tumelisema hili mara nyingi. Wapo pia wanaodhani mji mzima ni wa serikali. Sehemu kubwa ni nyumba na mashamba ya watu binafsi, wengine wakiwa wajukuu na vitukuu vya waanzilishi. Kuingia bila ruhusa ya mwenye shamba ni uvamizi. Na tafadhali, msiendelee kuulizia ekari 160 za ardhi ya bure ambazo serikali iliwahi kuwagawia walowezi: sheria ya mwaka 1862 iliyozigawa (Homestead Act) ilifutwa mwaka 1976.

Ukiona kitu, kiache kilipo. Kipige picha pamoja na kitu kingine cha kukadiria ukubwa, andika mahali, kisha mweleze mhudumu wa hifadhi. Ikiwa ni shambani kwa mtu, mweleze mwenye shamba. Ukitaka kuwaona wenyeji wakiwa wengi, njoo mwishoni mwa Julai, wakati vizazi vya Nicodemus vinaporudi nyumbani kusherehekea ukombozi kutoka utumwani. Uliza kabla ya kuwapiga picha.