Gaddafi na Libya 2011: tunayosema vijiweni Mwanza na yaliyotokea kweli

Juzi pale Mwaloni Kirumba nimekaa nasubiri magunia yangu ya dagaa yapakiwe, ukaanza ule ubishi wa Libya, kijana mmoja akawasomea wenzake meseji ya WhatsApp ambayo inazunguka miaka nenda rudi, kwamba Gaddafi alipendwa na nchi nzima, umeme bure nyumba bure, afu wazungu wakaamka siku moja wakamuua. Watu wanaitikia tu kwa vichwa. Kwa kweli iliniuma, maana tarehe zipo na watu walikufa, ndo maana naandika.

Hiyo ya kwamba wananchi hawakuinuka, waliletewa vurugu kutoka nje, ndo inaniumiza kuliko zote. Tarehe 15 Februari 2011 polisi wa Benghazi walimkamata wakili Fathi Terbil. Huyu alikuwa anazisimamia familia za wafungwa wa gereza la Abu Salim kule Tripoli, ambako mwaka 1996 inakadiriwa wafungwa kama 1,200 waliuawa humo humo ndani, na serikali ikanyamaza, jamani familia zingine zikawa zinaendelea kupeleka chakula na nguo gerezani miaka na miaka kwa mtu ambaye alishakufa. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mama anayekunja shati la mwanae kila mwezi. Ni hizo familia zilizotoka barabarani kudai wakili wao, wengine wakaungana nao, zikajibiwa kwa risasi. Ndege za Ufaransa na wenzake zilianza kupiga tarehe 19 Machi, yaani zaidi ya mwezi mzima baadae, na NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ikashika usukani wote 31 Machi.

Sikatai kwamba alijenga. Shule na matibabu serikali ililipa, na ule mradi wa kuvuta maji toka chini ya jangwa ulifika Benghazi 1991, Tripoli 1996, ni kazi kubwa. Ila sheria namba 71 ya mwaka 1972 iliweka adhabu ya kifo kwa mtu kuunda chama cha siasa. Vyote viwili ni kweli, usichukue kimoja ukaacha kingine.

Kuna wanaosema mabalozi wake waliomkana walinunuliwa. Abdel Rahman Shalgham, balozi wa Libya Umoja wa Mataifa, alikuwa rafiki yake wa miaka mingi na alishakuwa waziri wake wa mambo ya nje, mtu kama huyo alisimama mbele ya Baraza la Usalama tarehe 25 Februari akaomba nchi yake iokolewe na wenzake wakamkumbatia akilia. Naibu wake Ibrahim Dabbashi alishamkana siku nne kabla. Mimi sioni pesa hapo, naona watu ambao ndugu zao wako nyumbani wanapigwa risasi.

Haya, "Afrika yote ilipinga, wazungu walipiga kura peke yao." Azimio namba 1973 la Baraza la Usalama, la tarehe 17 Machi 2011, lilipita kwa kura 10, hakuna aliyepiga ya hapana, na watano hawakupiga upande wowote: Urusi, China, Ujerumani, India na Brazil. Katika hizo 10 wamo Afrika Kusini, Nigeria na Gabon, Waafrika wote watatu waliokuwa barazani. Urusi au China yeyote angeweka veto, ile kura yao ya kuzuia, lingekufa pale pale. Ila na upande wa pili msidanganyike, azimio halikusema auawe wala serikali ibadilishwe, lilisema raia walindwe kwa hatua zote zinazohitajika na likakataza jeshi la kigeni kuikalia nchi. Mwezi uliofuata Obama wa Marekani, Cameron wa Uingereza na Sarkozy wa Ufaransa wakaandika kwa pamoja kwamba hawaioni Libya ya mbele ikiwa na Gaddafi madarakani. Kwangu mimi hapo walishavuka walichoruhusiwa.

Na Umoja wa Afrika, AU, haukukaa kimya. Uliunda kamati ya nchi tano, Mauritania, Mali, Kongo Brazzaville, Afrika Kusini na jirani zetu Uganda, wakapanga kutua Tripoli tarehe 20 Machi, wakanyimwa ruhusa ya kuruka maana mabomu yalishaanza. Wakaja kufika 10 Aprili, Gaddafi akaukubali mpango wao, kesho yake wakaenda Benghazi, iliyokuwa mikononi mwa waasi, wakakuta watu wamejaa nje wanapiga kelele, viongozi wa waasi wakaukataa kwa sababu haukusema aondoke. Hilo tu ndo walikuwa wanalitaka.

Yule kijana akarudi na la mwisho, kwamba Gaddafi alikuwa rafiki yetu sisi tangu zamani, hata msikiti Dodoma katujengea. Msikiti upo kweli. Ila mzee mmoja muuza nyavu akamwambia, ng'wanawane, wewe hukuwepo 1979. Wakati wa vita ya Kagera Gaddafi alimpelekea Idi Amin askari na silaha, akampa Nyerere saa 24 awatoe wanajeshi wetu Uganda, Nyerere akakataa. Mwezi Machi ndege ya Libya aina ya Tupolev ikatumwa kulipua ghala la mafuta hapa hapa Mwanza, ikakosea, ikapiga Saanane, kile kisiwa unachokiona ukikaa Kapripoint, wakafa swala na ndege.

Kijiwe kikatulia. Afu mzee akanigeukia akauliza kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiuliza siku nzima: na yule wakili, walimwachia? Nikamwambia walimwachia mzee wangu, na serikali ya mpito ikaja kumpa uwaziri wa vijana.