Programu huria: maana yake kwa mwenye kasha la sidii za taarabu

Hapa Lamu nyumba nyingi zina kasha la sidii za taarabu na kasida, na mashine ya kuzipigia imekufa zamani. Mwenye kasha akitaka kuzihamishia kwenye kompyuta, huuliza, "Programu gani ni ya bure?" Ningependa aulize na swali la pili: je, ni huria?

Bure ni habari ya bei, kwamba hulipi kitu. Huria ni habari ya haki. Leseni inakuruhusu kuitumia programu kwa kazi yoyote, kusoma msimbo wake, yaani maandishi yaliyoiunda, kuurekebisha, na kumpa jirani nakala. Ndivyo inavyoelezwa na Free Software Foundation, shirika linalotetea programu huria, lililoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1985. Kwa hiyo programu inaweza kuwa ya bure na isiwe huria. Exact Audio Copy hailipiwi kwa matumizi ya nyumbani, ni halali, na inasoma sidii kwa makini sana, ila msimbo wake umefungwa na ni ya Windows. fre:ac, ya kazi hiyo hiyo, ni huria kwa leseni ya GPL, mojawapo ya leseni zinazotoa haki hizo, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Ile ya kulipia iliyovunjwa kufuli, inayozunguka kwa flashi, si ya bure wala si huria. Ni ya wizi, na mara nyingi imebeba virusi.

Mimi nachagua huria kwa sababu ya kesho. Muziki huu utasikilizwa na wajukuu, na mwenye programu iliyofungwa akiiacha, hakuna mwingine anayeweza kuiendeleza.

Hata muundo wa faili uwe huria. FLAC, uliotoka mwaka 2001, unabana sauti bila kutupa chochote. Sidii hubeba takriban megabaiti 10 kwa dakika, na FLAC huzipunguza hadi karibu nusu. MP3 ni ndogo zaidi kwa sababu inatupa baadhi ya sauti. Niliwahi kupeleka sidii kwenye duka fulani nikarudishiwa MP3 zilizobanwa kupita kiasi. Udi wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa hapa hapa Lamu, ulisikika kama umefunikwa kanga, kile kidole kinachogusa uzi hakipo tena. Weka FLAC nyumbani, kisha utoe MP3 ya kutia kwenye simu.

Kabla ya kuanza, iinue sidii uielekeze dirishani. Ukiona vitundu kama vya sindano vikipitisha jua, huenda utando wake unaong'aa umeshaanza kuliwa. Anza na hiyo. Za harusi nyingi ni za kuchomwa kwa kompyuta, na rangi inayobeba sauti hufifia kwa joto, nazo zisingoje. Washa hali ya kusoma kwa uangalifu, programu irudie palipokwaruzika, hata kama itachukua saa nzima.

Programu kuwa halali hakukupi ruhusa ya kuuza nakala. Nyimbo bado zina wenyewe, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001.

Majina ya nyimbo hutafutwa kwenye MusicBrainz, hifadhidata iliyo wazi kwa wote. Sidii ya harusi ya Langoni huenda usiikute humo. Keti na shangazi anayeikumbuka harusi hiyo, andika mwimbaji, mtunzi wa shairi na mpiga udi, kisha uingize mwenyewe, maana yeyote anaruhusiwa kuongeza.