Ukuta wa nyuma ya jiko la kuni: tailizi ndio kitu cha mwisho

Baridi ya mwezi wa sita ikikaribia huku kwetu Njombe, Makete mpaka Mufindi, simu zinaanza, na swali ni lile lile: fundi nimenunua jiko la chuma la kuni, lile la kupashia sebule joto, nataka ukuta wa nyuma yake upendeze, niweke tailizi gani? Swali hilo limeanzia mwisho. Tailizi haizuii joto, jiwe la kubandika nalo halizuii joto. Haviungui, hilo ni kweli, lakini joto linapita taratibu mpaka kwenye kile kilichoko nyuma, na kama nyuma kuna plaiwudi au mbao za paini basi mbao zinachemka kila jioni na wewe huzioni kwa sababu umezifunika na kitu kizuri.

Mbao mpya inahitaji nyuzi joto kama 250 hivi au zaidi ndio ishike moto, na mtu akisikia hivyo anaona yupo salama maana ukuta wake haufiki huko. Shida ni kwamba mbao ikipashwa joto miaka na miaka, hata joto la chini sana ya hapo, inabadilika ndani kwa ndani, inakauka, inakuwa kahawia, mwisho inakuwa mkaa kabisa, na mbao iliyofikia hapo inawaka kwa joto dogo kuliko ile iliyotoka dukani. Kwahiyo ukiniambia jiko lipo hapo misimu mitano na halijaleta shida, mimi ndio naanza kuogopa.

Sasa umbali. Kama jiko limekuja na kitabu chake fuata kitabu, usibishane nacho. Majiko mengi tunayoletewa ni ya kuchomelewa mtaani au yamenunuliwa mkononi, hayana kitabu, na hapo mimi natumia vipimo vya NFPA 211, kanuni za Marekani za chimni na majiko ya kuni: inchi 36, karibu sentimita 91, kutoka kwenye jiko mpaka kitu chochote kinachoweza kuungua. Najua sebule zetu, ukitoa sentimita 91 jiko linakaa katikati ya makochi. Ndio maana tunaweka ngao, yaani bati au ukuta wa tofali unaosimama kati ya jiko na ukuta wa mbao.

Angalia hii hapa, maana ndio moyo wa kazi yote. Ukijenga ukuta wa tofali wa unene wa inchi 3 na nusu ukaugandisha moja kwa moja kwenye ukuta wa mbao, kanuni zile zinakuruhusu kusogeza jiko mpaka inchi 24 tu. Tofali zile zile ukiziacha mbali na mbao inchi moja, hewa ikawa inapita nyuma yake, unaruhusiwa inchi 12. Na bati tupu la geji 24 likiachiwa hiyo inchi moja ya hewa nalo linakupa inchi 12. Yaani bati la milimita 0.6 lenye hewa nyuma linashinda tofali nzito isiyo na hewa! Kinachofanya kazi ni ile hewa, jiko linapasha ngao, ngao inapasha hewa iliyoko nyuma, hewa ya moto inapanda na kutokea juu, ya baridi inaingia chini, na hivyo hivyo moto ukiwaka usiku kucha.

Kwahiyo chini acha wazi sentimita 2.5 mpaka 7.5 na juu usifike kwenye siling. Nimeona ngao nzuri kabisa ambazo mtu baadaye kaziba kingo zote kwa silikoni eti vumbi lisiingie, na hapo umeua kila kitu, ile hewa imefungiwa ndani inachemka pamoja na ukuta. Za kushikia ngao usitumie vipande vya mbao, kata bomba la chuma la nusu inchi vipande vya sentimita 2.5, pitisha skrubu ndefu katikati, na usiweke hata kimoja usawa wa katikati ya jiko kwa sababu chuma kinabeba joto kulipeleka kwenye mbao. Ukubwa mimi natoa sentimita 45 kila upande wa jiko na 50 juu yake. Ukitaka ya tofali, tofali zetu za kuchoma zinafaa sana, ila hakikisha sakafu inabeba uzito, na mstari wa kwanza ruka nafasi kati ya tofali na tofali ili hewa iingie.

Nyumba nyingi za huku ni za tofali za kuchoma tangu msingi, na hao wenye nyumba wana bahati, ukuta wenyewe hauungui. Kwao tatizo linakuwa gipsam. Watu wanabandika gipsam bodi juu ya tofali ili ukuta unyooke wakiamini haishiki moto. Gipsam imebeba maji ndani yake, karibu moja ya tano ya uzito wake, na nyumba ikiungua yale maji ndio yanachelewesha moto. Lakini kazi hiyo inaifanya mara moja, ukiipasha zaidi ya nyuzi joto 50 kila siku maji yanatoka kidogo kidogo, inabaki unga, na karatasi yake ya juu inaungua kama karatasi nyingine. Itoe.

Kwenye tofali piga plasta yenye chokaa, simenti moja, chokaa moja, mchanga sita, haina haraka ya kupasuka kama ya simenti tupu. Subiri wiki nne kabla ya moto. Juu yake paka chokaa nyeupe, rangi ya mafuta itageuka njano na kunuka. Tailizi ukizitaka sasa weka, kwa gundi inayovumilia joto, na mistari isiwe myembamba sana maana tailizi zinatanuka. Na tafadhali wadau, yale mabati ya zamani ya asbesto msiyakate kuwa ngao, vumbi lake linaleta saratani ya mapafu.

Bomba la moshi la bati moja, lisilo na bati la pili kulizunguka, linataka sentimita 46 kutoka kwenye mbao, na watu hulisahau kabisa likifika kwenye siling.

Moto wa kwanza uwe mdogo, madirisha wazi, rangi ya jiko itanuka na kutoa moshi kidogo, unaofuata uongeze kidogo. Ukishawasha moto mkubwa masaa kama matatu, pitisha mkono pembeni ya ngao uguse ukuta wa mbao ulioko nyuma. Kiganja kikitulia hapo bila kukuchoma, sawa. Kikikataa, acha moto uishe, jiko likipoa lisogeze mbele kabla ya kuwasha tena.