Ombi la Mtaa Linavyofika Kwenye Bajeti ya Jiji la Dodoma

Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Mkazi anayekwenda ofisi ya kata mwezi Julai kuomba madarasa amechelewa: bajeti inayoanza mwezi huo Baraza la Madiwani lilishaipitisha miezi kadhaa nyuma, na Bunge nalo limeshamaliza kazi yake. Maombi ya mitaa yanatakiwa yawe yamefika kata mapema, kabla rasimu ya bajeti haijaandaliwa.

Kazi inaanzia mkutano mkuu wa mtaa, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Utaratibu unaotumika ni Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Wananchi wanataja walichonacho (eneo, mawe, mchanga, nguvu zao), wanataja kinachowakwamisha, kisha wanapanga mahitaji kwa uzito. Hapa ndipo mitaa mingi inapojipunja. Muhtasari ukisomeka "tunaomba shule yetu iboreshwe", hakuna mtu ngazi ya juu anayeweza kuukadiria gharama. Ombi linalobeba uzito huandikwa hivi:

"Shule ina wanafunzi 540 na vyumba 6 vya madarasa, sawa na wanafunzi 90 kwa chumba. Kiwango ni 45, hivyo pungufu ni vyumba 6. Wananchi wamefikisha boma la vyumba 2 kwenye linta. Tunaomba kupaua na kumalizia."

Kwa maneno hayo mhandisi anakwenda kupima boma (kuta zilizofika linta, juu ya milango na madirisha, bila paa) akijua anachokifuata, na makadirio ya mbao, mabati na saruji yanaandaliwa bila barua tatu za kuulizana. Vyoo navyo vihesabiwe: tundu 1 kwa wasichana 20, na 1 kwa wavulana 25.

Muhtasari uliosainiwa unapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, chini ya diwani. Jiji lina kata 41. Kila kata ikileta maombi 10, mezani kwa timu ya menejimenti ya mkurugenzi yanatua 410, na ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu kisichovukwa, ni uleule. Miradi viporo, ile iliyoanzwa haijamalizika, inatangulia, na ni sahihi: boma likiachwa bila paa, mvua za Desemba hadi Aprili zinalila kuta na jasho la wananchi linapotea. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ni ya mikopo kwa mujibu wa sheria: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kinachobaki ndicho kinachogombewa.

Mapato yenyewe yana tabia zake. Ushuru wa huduma unakuja kila mwaka biashara zikiwa hai. Fedha ya viwanja, iliyoinua sana makusanyo ya Dodoma tangu CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu) ilipovunjwa mwaka 2017 na kazi zake kuhamia halmashauri, ni tofauti: kiwanja huuzwa mara moja, lakini familia itakayojenga kwenye kata kama Nzuguni au Mtumba itahitaji shule na zahanati miaka yote. Fedha hiyo iende kwenye majengo na miundombinu, isizoeshwe kulipa matumizi ya kawaida.

Maombi mengine hukwama kwa kupelekwa mlango usio wake. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na maji ya mjini ni ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma. Mtaa uandike ombi la namna hiyo peke yake ili kata ilipeleke huko mapema, badala ya kulichanganya na madarasa.

Rasimu ikitoka menejimenti hupita kamati za kudumu, kisha Baraza la Madiwani, na baadaye mkoa, TAMISEMI (ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa) na Bunge. Kikao cha Baraza ni cha wazi. Mwananchi anaweza kukaa akasikiliza. Ombi lenu lisipoonekana, mwulizeni diwani liliishia wapi: kwenye kata, kwa kukosa makadirio, au kwenye ukomo. La kwanza linataka kupangwa upya kwenye mkutano wa mtaa, la pili linataka fundi na futi ya kupimia, na la tatu hurudishwa mwakani na muhtasari uleule, idadi za wanafunzi zikiwa zimesahihishwa.