“Anaelewa kila kitu, ila hasemi tu”

Ndugu wa wagonjwa wa kiharusi huniambia hivyo mara kwa mara. Sibishani nao. Natoa picha mbili: katika moja mvulana anamsukuma msichana, katika nyingine msichana ndiye anayesukuma. “Mvulana anamsukuma msichana.” Mgonjwa anagusa picha sahihi. “Mvulana anasukumwa na msichana.” Hapo kidole kinasita, na mara nyingi kinarudi kwenye picha ileile.

Nikimpa “Embe limeliwa na mtoto”, hakosei, maana embe halili mtu. Maana ya maneno imemvusha bila msaada wa sarufi. Watafiti Alfonso Caramazza na Edgar Zurif walilionyesha jambo hili mwaka 1976 kwa wenye afasia ya Broca, yaani tatizo la lugha linalotokana na kuumia ubongo, ambapo mgonjwa husema kwa shida. Mazungumzo mengi ya nyumbani ni ya aina ya embe, kwa hiyo familia haigundui. Zile sentensi ambazo yeyote kati ya wawili angeweza kuwa mtendaji ndizo zinazofichua tatizo, na kwa Kiswahili tofauti yenyewe inabebwa na kijisauti -w-.

Kwenye kusema, maelezo yaliyotokana na Kiingereza yanadai mgonjwa huangusha viambishi. Kwetu haiwi rahisi hivyo. Ukikivua kitenzi “nilipika” kila kiambishi, inabaki pik, ambayo si neno. Basi mgonjwa hutafuta umbo jingine: “Jana… mimi… kupika… wali.” Wagonjwa wanaosema Kiitaliano na Kiebrania nao hubadilisha umbo badala ya kuliacha tupu. Wakati uliopita ndio unaowasumbua wagonjwa zaidi, na hilo limeonekana katika lugha kadhaa.

Je, sarufi imefutika kichwani? Sidhani. Mwaka 1983 Marcia Linebarger, Myrna Schwartz na Eleanor Saffran walikuta wagonjwa wanaoshindwa kuelewa sentensi kama ya kusukumwa, lakini bado wanatambua sentensi iliyovunja kanuni. Mwambie “Kiti umevunjika” uone anavyokunja uso! Kanuni anazo, kuzitumia kwa kasi ya mazungumzo ndiko kunakomshinda. Wenzangu wengine hawakubaliani nami, na mjadala haujaisha.

(Afasia ya Wernicke ni habari nyingine: maneno yanamiminika, upatanisho wa kisarufi umo, ila maana haishikiki, na watu hudhani mgonjwa amerukwa na akili.)

Kinachonikera ni dirisha la dawa. “Kabla hujala, meza kidonge kimoja.” Kula kumetajwa kwanza ilhali kunafanyika baadaye, tena kwa kitenzi chenye umbo la kukanusha. Mgonjwa anaitikia kwa kichwa, anaondoka. Ninyi mnaotoa dawa, mwambieni: “Meza kidonge.” Nyamazeni kidogo. “Halafu ule.” Kisha mwombeni awaonyeshe kwa mikono ataanza na nini, kwa sababu kuitikia kwa kichwa anaweza hata asipoelewa.